Uzi: Kichekesho kimoja cha mchango wa harusi, tukipitishe jukwaani, redioni, kwenye skripti na gazetini

KalamuButu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Swali la "mchekeshaji anaishije akikosa shoo" linarudi humu kila mara na majibu ni yale yale: awe MC, aende redioni, aandike skripti, aandike safu gazetini. Sawa. Lakini hakuna anayeeleza kichekesho chenyewe kinahamaje. Watu wanaamini mwenye dakika 20 za jukwaani tayari ana dakika 20 za redio na kurasa 20 za runinga. Hana. Ana malighafi, na kila mlango una mashine yake ya kusaga.

Naweka mezani kichekesho kimoja kilichotungwa kwa ajili ya uzi huu. Si cha mtu, kikateni mtakavyo.

1. Nimeletewa kadi ya mchango wa harusi. Jina la bwana harusi silijui.
2. Nikapiga namba iliyo kwenye kadi: "Samahani ndugu, tunafahamiana?"
3. Akasema, "Tutafahamiana ukumbini."
4. Nikamwambia basi na mchango nitautoa huko huko ukumbini. Akasema, "Hapana. Ukumbini unakuja na zawadi."
5. Jioni nikajikuta nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Lina watu 214. Bibi harusi hayumo kabisa.
6. Kila asubuhi mwenyekiti anaandika, "Ndugu wajumbe, zimebaki siku 10." Na walisema mjumbe hauawi.

Kila mtu achukue mlango anaoujua.

---

MzeeWaMaiki

Naanza na jukwaa kwa sababu ndiko kinakopimwa.

Hapo kuna maneno 65 hivi. Mtu anayeongea kwa utulivu jukwaani hutoa maneno 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa hiyo una sekunde 35 za kusema, ongeza vicheko vinne vya sekunde tatu au nne, jumla ni sekunde 50. Dakika tano za jukwaa la wazi, lile ambalo yeyote anaruhusiwa kupanda kujaribu, zinataka vipande sita vya namna hii, maneno 400 yasizidi. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kwenda na maneno 700 kwa dakika tano. Wanakimbiza, wanazungumza watu wakiwa bado wanacheka, na taa ya kumaliza inawaka kabla kipande kikali hakijafika.

Sasa mwendo. Baada ya mstari wa 3 usiguse kitu. Kicheko kinapanda, kinafika kileleni, kinaanza kushuka. Ingia kikiwa kimebaki theluthi. Ukiingia kileleni, maneno ya kwanza ya mstari wa 4 hayasikiki, na mstari wa 4 unategemea neno "mchango". Lisiposikika, "zawadi" haina maana. Ukisubiri kicheko kiishe kabisa, ukumbi unapoa na unaanza kuuwasha upya.

Mstari wa 4 ni mkia. Hakuna maandalizi mapya, umekata kipande kingine kutoka kwa mnyama yule yule. Mikia ndiyo mali, maana kila maandalizi ni gharama ya sekunde ambazo watu hawacheki. Kipande chenye maandalizi mamoja na mikia mitatu kina thamani kuliko vipande viwili visivyo na mkia.

Maiki: shika mpini, si kichwa. Ukifumbata kichwa unaua sauti za juu, silabi zinajaa matope, na spika inaanza kupiga mluzi. Iwe vidole viwili hadi vitatu kutoka mdomoni, imeinama kidogo, la sivyo kila "p" na "b" itapasuka. "Bibi harusi" ina "b" mbili, sikilizeni mtakavyopigwa nazo. Stendi ukiitoa maiki iweke nyuma yako. Ikibaki mbele umejijengea uzio.

---

NgeliNaNusu

Mzee umesema vyema, lakini kuna jambo la lugha wengi wanalipuuza kwa kuwa wamejifunza ufundi huu kwa kutazama Wamarekani.

Neno linalopasua likae mwisho. Kiswahili kinaruhusu kulisogeza. "Hayumo bibi harusi" na "Bibi harusi hayumo" zina habari ile ile, lakini ya kwanza imeshatoa siri kwenye neno la kwanza. Katika mstari wa 4 "unakuja na zawadi" ni sahihi. Ukisema "zawadi ndiyo unakuja nayo ukumbini", umeua.

La pili ni ngeli. Viambishi vinavujisha siri. Mfano, unataka hadhira ifikiri unamsubiri mtu kumbe unasubiri kifurushi. Ukisema "nilichokuwa nakisubiri" umeshavuja, ile "ki" imesema ni kitu. Njia ni kuchagua kitenzi kisichodai kiambishi, "nilikuwa nasubiri tangu asubuhi", basi.

Upande wa pili, ngeli inakupa zawadi ambayo lugha nyingi hazina. Mnyama na mtu wote ni a-/wa-, na hatutofautishi mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo hii inawezekana:

"Ameingia usiku bila hodi. Moja kwa moja jikoni. Kala samaki wawili, kalala kwenye kochi. Mke wangu anasema nimfukuze. Nitamfukuzaje mjomba?"

Hadhira imeona paka kuanzia sentensi ya pili. Kwa Kiingereza hiyo ni kazi nzito, kila sentensi ingekuuliza ni yeye wa kiume, wa kike, au ni kitu.

---

Kadogoo

Wakuu mbona mstari wa 6 haujaguswa? "Wajumbe" hapo Bongo ni dhahabu. Ongezeni "wajumbe si watu wazuri", ukumbi unalipuka.

---

MzeeWaMaiki

Ulilipuka 2020, mdogo wangu, kura za maoni za CCM zilipokuwa za moto na wajumbe wakiwaangusha wagombea. Msemo wa mtaa una umri. Ukiuleta leo watu watatabasamu kwa kukumbuka, na kicheko cha kukumbuka ni kifupi. Methali haina tarehe ya kuharibika, ndiyo maana "mjumbe hauawi" ibaki.

---

BintiKisauni

Hamjambo. Kutoka huku Mombasa, mstari wa 6 unaanguka na si kwa sababu ya utani. Huku ukisema "mjumbe" wengi wanasikia mbunge. "Ndugu wajumbe" inakuwa kundi la WhatsApp la wabunge, na hadhira inaanza kutafuta siasa ambayo haipo. Methali yenyewe tunaijua, tatizo ni kwamba mwenyekiti wa kamati huku hasemi hivyo. Atasema "wanakamati". Basi methali haina pa kushika.

Anayetaka kupeleka kipande hiki Nairobi au Mombasa aukate mstari wa 6 na amalizie wa 5. Asijaribu kueleza. Kichekesho kinachohitaji maelezo ya maana ya neno kimeshakuwa somo la Kiswahili.

Kuhusu milango mingi, Kenya ina mifano iliyo wazi. Watatu wa kundi la vichekesho la Redykyulass, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walianza kwa kumuigiza Rais Moi kwenye runinga akiwa bado madarakani. Kiarie mwaka 2017 alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini (huyo sasa ndiye mjumbe wa kweli). Na Daniel Ndambuki ni darasa kamili: jukwaani na runingani ni Churchill, redioni akawa Mwalimu King'ang'i. Hakubeba tu sauti ya jukwaani akaiweka mbele ya maiki ya studio. Alijenga mhusika wa redio, mwenye lafudhi yake na cheo chake, ambaye msikilizaji anamtambua kwa neno moja hata akiwa kwenye matatu yenye kelele.

---

KalamuButu

Dada Kisauni, umenifungulia mlango wa redio. Endelea nao basi.

---

BintiKisauni

Haya. Redioni matatizo ni matatu na kila moja lina dawa yake.

Uso haupo. Mstari wa 3 jukwaani unachekesha nusu kwa maneno na nusu kwa uso wa aliyejibiwa. Redioni pawe na mtu wa pili studioni wa kushtuka badala ya hadhira: "Eti nini?" Huyo si pambo. Ndiye anayempa msikilizaji ruhusa ya kucheka akiwa peke yake.

Wasikilizaji hawafiki pamoja. Kuna mtu kafungua redio ukiwa mstari wa 4. Kwa hiyo kila mkia urudie kiini kwa maneno mawili matatu: "huyu bwana harusi nisiyemjua akaniambia..." Jukwaani marudio hayo ni uzito wa bure, redioni ni lazima.

Na kimya. Jukwaani kimya cha sekunde tatu ni silaha. Hewani msikilizaji anadhani kituo kimekatika. Kimya redioni kisizidi sekunde moja. Ukihitaji zaidi, jaza kwa sauti: simu inaita, mlio wa ujumbe wa WhatsApp. Mstari wa 5 redioni unakuwa mlio wa ujumbe mara nne mfululizo kabla hujasema neno lolote. Sekunde 90 kipande kizima, kisha wimbo.

---

Pazia

Nichukue skripti, maana huku ndiko wachekeshaji wengi wanakoumia.

Kichekesho cha jukwaani kina mtu mmoja anayesimulia kilichokwisha kutokea. Skripti inataka watu wawili ambao sasa hivi wanataka vitu visivyopatana. Kwa hiyo swali la kwanza si "nini kinachekesha", ni "nani anataka nini". Katika kadi ile: mwenyekiti wa kamati anataka hesabu itimie kabla ya kikao cha jioni. Mpokeaji anataka kubaki na elfu hamsini yake bila kuonekana bahili. Hiyo ni onyesho.

NDANI. SEBULENI KWA SHABANI. JIONI.

*Mwenyekiti ameshaketi, daftari magotini. Shabani bado amesimama na kadi.*

SHABANI: Huyu Elisante ni nani?
MWENYEKITI: Tumekuwekea single au double?
SHABANI: Nimeuliza huyu ni nani.
MWENYEKITI: *(anaandika)* Double. Mtu mwenye maswali mengi ana mke.

Ona kwamba mistari ya asili imepotea karibu yote. "Tutafahamiana ukumbini" haimo. Imebaki hali tu. Wachekeshaji wengi hawakubali kuupoteza mstari wao bora, wanautia kinywani mwa mhusika kwa nguvu, na onyesho linasimama ili mhusika aseme utani.

Hesabu: ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni kama dakika moja ya picha. Kipindi cha nusu saa chenye matangazo kina dakika 22 hivi za hadithi, kwa hiyo ukileta kurasa 40 umeleta vipindi viwili visivyo na mwisho. Kwa bajeti zetu, maeneo matatu na wahusika watano kwa kipindi. Kila eneo jipya ni kuhamisha taa, nyaya na watu, nusu siku ya kazi imekwenda.

Ugonjwa mkubwa ni wahusika wote kuongea kama mchekeshaji aliyeandika. Kipimo: funika majina ya wasemaji kwa karatasi, soma mazungumzo. Usipojua nani anasema, andika upya. Kisha waigizaji wote waisome skripti mezani kabla ya kurekodi, mwandishi akiwa kimya na kalamu. Mahali mwigizaji anapokwama mara mbili, sentensi ndiyo mbovu, si mwigizaji.

---

Kikokotoo

Mnaongea ufundi tu. Hakimiliki je?

Wazo halilindwi. "Utani kuhusu mchango wa harusi" si mali ya mtu. Kinacholindwa ni namna ulivyolieleza, likiwa limeandikwa au kurekodiwa. Kwa hiyo daftari lenye tarehe na rekodi ya sauti ni ushahidi, mazungumzo ya kijiweni si ushahidi. Tanzania ofisi ya hakimiliki ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, ni jambo jingine, huko ni usajili wa msanii na vibali vya shughuli.

Ukiandikia kipindi cha mtu mwingine, mkataba uwe na haya kabla ya kuandika neno: vipande vingapi kwa wiki, kila kimoja kifanyiwe marekebisho mara ngapi (mbili zinatosha, bila ukomo utarekebisha hadi Idi), kikikataliwa unalipwa asilimia ngapi, jina lako litaonekana wapi, na je, wakikitumia tena mtandaoni au kituo kingine kuna malipo. Na la kusahaulika: mhusika na jina ni vya nani? Kundi la vichekesho la Ze Comedy la Tanzania lilipotoka runinga ya EATV kwenda TBC lilionekana kwa jina la Ze Orijino Komedi. Watu wale wale, jina jingine. Joti, Masanja na Mpoki wa kundi hilo walikuwa na bahati kwamba watazamaji walikuwa wameshawajua kwa majina yao ya jukwaani.

---

Kadogoo

MC je? Ndiyo inalipa kuliko vyote. Kichekesho hiki si kinafaa kabisa harusini?

---

SautiNaTaa

Kadogoo, hicho ndicho kipande kibaya kuliko vyote kukipeleka harusini. Fikiria ukumbi. Waliokaa mbele yako ndio waliochanga. Kamati iko meza ya kwanza, ndiyo inayokulipa. Umewaambia waliochanga kwamba wameibiwa, na waliokusanya kwamba ni wezi. Utapata kicheko kimoja cha vijana wa nyuma na malipo ya salio yatachelewa.

Geuza shabaha. MC ajiseme mwenyewe: "Kamati imechanga, wazazi wamechanga, majirani wamechanga. Mtu pekee humu ndani ambaye hakuchanga ni mimi, na ndiye nimepewa maiki." Hali ile ile, hakuna aliyeumia, na waliochanga wamesifiwa kwa mlango wa nyuma.

Mambo mengine ya MC ambayo mtu wa jukwaani huyakosea. Jukwaani wewe ndiye shughuli, harusini wewe ni kamba inayofunga shughuli. Vipande viwe vya sekunde 20 hadi 30, kwenye mianya tu: maharusi wakichelewa, keki ikihamishwa, DJ akitafuta wimbo. Wakati wa maakuli usiseme utani, watu wana minofu mdomoni na sahani zinagongana. Kabla ya siku, kaa na kamati uulize mambo manne: nani amefariki karibuni kwenye familia, nani ameachana na nani, mahari imekwisha au la, na majina ya wazee yanatamkwaje. Utani mmoja juu ya baba ambaye amezikwa mwezi uliopita utafuta kazi zako kwa ukoo mzima.

Nusu ya malipo siku ya makubaliano, nusu kabla ya kushika maiki. Baada ya shughuli mweka hazina huwa hapatikani.

Kwa klipu za mtandaoni, nitasema moja tu kwa sababu linaharibu kazi nyingi: sauti. Ukichukua sauti ya mikisa (mashine ya kuchanganya sauti za ukumbi) peke yake, unapata maiki ya msemaji safi kabisa na vicheko vya mbali kama vimetoka nyumba ya jirani. Mchekeshaji anaonekana ameanguka, kumbe ukumbi ulikuwa unabomoka. Weka maiki ya pili ikielekea hadhira, rekodi kwenye njia yake, ukija kuhariri ipandishe pale tu watu wanapocheka. Picha wima, maandishi mistari miwili isizidi, yakae juu kidogo ya chini kabisa ili vitufe vya programu visiyafunike. Anza na "Jina la bwana harusi silijui", kadi yenyewe ionekane mkononi. Salamu za "mambo vipi Dar" kata zote.

Na ujue: klipu ikishasambaa, kipande kimekufa jukwaani. Watu watakitamka nawe. Toa kile ambacho kimeshachoka, kile kipya kifiche.

---

MsomajiWaZamani

Naona mmezungumzia kuhama kwa kichekesho. Niongeze kuhama kwa mtu, maana kuna mmoja ambaye njia yake imeandikwa wazi: Steve Martin wa Marekani. Wengi humu wanamjua kwa sinema na ile tamthilia ya wapelelezi watatu kwenye jengo moja iliyoanza 2021. Hiyo ni sura ya mwisho.

Alizaliwa 1945. Akiwa mtoto aliuza vijitabu vya maelekezo Disneyland, kisha akafanya kazi kwenye duka la mazingaombwe humo humo. Chuoni alisoma falsafa. Kabla hajawa na jina jukwaani alikuwa mwandishi wa kuajiriwa: aliandikia kipindi cha runinga cha ndugu wawili Smothers, na mwaka 1969 yeye na wenzake wakapata tuzo ya Emmy ya uandishi, yeye akiwa na miaka 23. Kalamu ilimlisha wakati jukwaa bado halimlipi. Kwetu tunaona uandishi kama pensheni ya mchekeshaji aliyechoka. Kwake ulikuja kwanza.

Mwenyewe ameigawa miaka yake 18 ya jukwaani hivi: 10 ya kujifunza, 4 ya kusafisha, 4 ya mafanikio makubwa. Kumbuka hesabu hiyo mtu akikuambia amefanya miezi sita na "haijashika".

Ufundi wake ulitokana na swali la falsafa kabisa. Kichekesho cha kawaida kinajenga mkazo na kuuachia kwa mstari wa kupasua, na hadhira inajua ni zamu yake kucheka. Yeye akajiuliza, itakuwaje ukijenga mkazo halafu usiuachie? Watu watalazimika kuchagua wenyewe pa kucheka, na kicheko cha kuchagua kina nguvu zaidi. Ndiyo ile hali ya rafiki yako anayekuchekesha hadi machozi na kesho huwezi kumweleza mtu alisema nini.

Jambo dogo la kiufundi: kumbi zilipokuwa kubwa mno alivaa suti nyeupe ili wa mbali wamwone. Ukumbi mkubwa unakula uso. Na ndicho kilichomtoa. Hadhira ya maelfu ilikuwa inashangilia kabla hajamaliza sentensi, hakuweza tena kupima kipi kinafanya kazi. Mwaka 1981 akaacha jukwaa akiwa juu. Akaandika sinema, mwaka 1993 tamthilia yake ya jukwaani ikafunguliwa Chicago, akaandika riwaya fupi, akapiga banjo hadi kupata tuzo ya Grammy ya albamu ya muziki wa blugrasi, na 2016 muziki na hadithi alivyoandika na Edie Brickell vikafika kumbi za Broadway, New York.

---

Pazia

Hapo kwenye kupima, mzee wangu, ndipo penye somo kwa wanaopata umaarufu wa mtandaoni kabla ya jukwaa. Wanaingia ukumbini na mashabiki, mashabiki wanacheka jina, na vipande vibovu vinapita. Miezi sita baadaye wanapelekwa mkoa ambako hawajulikani na hawajui kwa nini pamekuwa kimya.

---

NgeliNaNusu

Safu ya gazeti imesahaulika. Maneno 600 kwa kawaida. Msomaji hasikii pumzi yako, kwa hiyo aya ndiyo pumzi. "Bibi harusi hayumo" ikae aya yake peke yake, hapo jicho litasimama kama sikio linavyosimama jukwaani.

Tofauti kubwa ni mantiki. Jukwaani unaruka kutoka simu hadi WhatsApp bila daraja na hakuna atakayekuuliza. Msomaji anarudi nyuma. Atauliza namba yako waliipata wapi. Basi hilo swali ligeuze kuwa aya ya tatu: namba ilitoka kwenye orodha ya msiba wa mwaka juzi, ulikochanga pia, kwa mtu ambaye pia hukumjua. Unaona safu imepata mwili ambao jukwaani haukuhitajika. Na aya hiyo inaweza kurudi jukwaani kuwa mkia mpya. Mlango unapitika pande zote mbili.

---

Kikokotoo

Hiyo ya orodha ya msiba ni bora kuliko mstari wa 6.

---

MzeeWaMaiki

Nakubali. Ila msipige kura hapa, pigeni rekodi. Rekodi kila mara, simu mfukoni inatosha. Nyumbani uupe kila mstari alama: 0 kimya, 1 tabasamu linalosikika, 2 kicheko cha upande mmoja, 3 ukumbi wote. Fanya kumbi tano tofauti. Mstari wenye 0 na 1 tupu ukatwe hata kama unaupenda. Mstari wenye 3 ukumbi mmoja na 0 kwingine una tatizo la maarifa ya hadhira, kama lile la "mjumbe" huko pwani. Mstari wenye 2 kila mahali una neno moja la ziada mahali fulani. Litafute.

---

KalamuButu

Nimeshika kalamu. Toleo la pili:

Nimeletewa kadi ya mchango wa harusi. Jina la bwana harusi silijui. Nikapiga namba iliyo kwenye kadi: "Samahani ndugu, tunafahamiana?" Akasema, "Tutafahamiana ukumbini." Nikamuuliza namba yangu kaitoa wapi. "Kwenye orodha ya msiba. Ulichanga vizuri." Nikamwambia basi na huu nitautoa huko huko ukumbini. "Hapana. Ukumbini unakuja na zawadi." Jioni nikajikuta kwenye kundi la kamati. Watu 214. Bibi harusi hayumo kabisa.

Mstari wa 6 nimeuweka kwenye daftari la Dar peke yake.

---

BintiKisauni

Hili hata Kisauni litapita. Lakini mmepigana na ngeli, maiki na methali siku nzima, na hakuna aliyeliona "kabisa" pale mwisho. Likate.

---

KalamuButu

Limekatwa.